Naibu Aliyetufundisha Kuitika Pamoja

Ukienda kwenye ofisi za mawakala wa forodha kule bandarini Kipevu, utawakuta wanaume wazima wenye suruali zilizopigwa pasi, na ukimwita mmoja wao kwa jina hageuki. Anaendelea kupanga karatasi zake kana kwamba hujasema kitu. Mwite tena, ndipo atainua kichwa na kukuuliza shida yako kwa upole kabisa. Usimkasirikie. Hana dharau. Amesoma shule yetu tu, na amepita mikononi mwa Naibu.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu kwa muda mrefu hata watu wakasahau kwamba ana jina. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Wazazi walimwita Naibu, wauza viazi vya karai langoni walimwita Naibu, na nilisikia hata mkewe akimwita hivyo siku moja kwenye simu, akimuuliza kama atakula wali au mkate. Mimi nilimwita Mwalimu, kwa sababu nilipoajiriwa kufundisha Biolojia alinikaribisha kwa kuniuliza swali, na tangu siku hiyo hakuacha kuniuliza.

Kwanza nieleze shule ilivyokaa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Ipo kwenye mteremko upande wa Changamwe. Madarasa ya juu yanatazama barabara ya malori, na ukisimama dirishani unaona winchi za bandari na makontena yaliyopangwa rangi rangi. Madarasa ya chini yanatazama mikoko na maji ya mkondo. Kutwa nzima kuna mngurumo: mitambo ya umeme, injini za malori, vyuma vikigongana. Ukikaa wiki moja huusikii tena. Unausikia unapokoma. Kuna siku, adhuhuri, sijui ni zamu zinabadilishana au ni nini, kila kitu kinanyamaza kwa pamoja. Jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu, na kimya kinashuka kama kitambaa.

Katika kimya hicho, Naibu alikuwa akisema, usiitike jina lako mara ya kwanza.

Aliwaambia hivyo wavulana wote wa kidato cha kwanza, siku yao ya kwanza, baada ya kuwaonyesha choo na bomba la maji. Alilisema kwa sauti ileile ya choo na bomba. "Ukiitwa na usimwone akwitaye, nyamaza. Kama ni mtu, ataita tena. Jina lako ni mlango wako, huufungui kwa kuwa tu umesikia mlio nje." Wavulana wakubwa walicheka, lakini hata wao hawakuitika. Mwisho ikawa tabia ya shule nzima, mchana na jioni, hadi mama zao wakalalamika majumbani.

Msidhani alikuwa mtu wa mambo ya giza. La. Alifundisha Fizikia, tena kwa ukali. Akimwona mtoto na hirizi shingoni alimwambia aivue aiweke mfukoni, kwa sababu "umeme hauangalii umevaa nini." Mwalimu mmoja alipoleta hadithi za majini kwenye chumba cha walimu, Naibu alimkata: "Umemwona? Basi usimpe jina." Yeye mwenyewe hakulitamka neno jini hata mara moja mbele yangu. Nilipomuuliza anayeita ni nani, alinijibu, "Mwanangu, nisilolijua nasema silijui. Wewe ukiona waya usioujua, waushika?"

Alikuwa hivyo katika mambo yote, huwezi kumkunja ukamweka kwenye kisanduku kimoja. Aliwafukuza wanafunzi langoni kwa shati lisilochomekwa, na yeye mwenyewe akitembea na kandambili za mpira tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa mzaliwa wa Jomvu Kuu na aliamini kwamba Kiswahili chake ndicho Kiswahili. Mimi nilizaliwa hapahapa Changamwe, lakini baba yangu alitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, na hilo lilimtosha. "Mwasemaje nyinyi watu wa bara? 'Enda ukuje'? Ukuje wapi?" Halafu jioni ananikuta nasahihisha madaftari, ananiwekea hamri moja juu ya meza, anaondoka bila neno. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "si vibaya." Nilimsikia akiitoa mara chache, na waliopewa walitembea siku nzima kama waliopandishwa cheo.

Na alikuwa na mabinti wanne, wote amewasomesha mpaka chuo kikuu. Ndiyo maana tulishangaa sana siku bodi ilipoamua shule ipokee wasichana, na Naibu akawa mtu pekee aliyepinga.

Mwalimu Mkuu wakati huo alikuwa mgeni, kijana, mchangamfu. Alisema wasichana wa Changamwe, Mikindani na Jomvu wanavuka barabara ya malori kila asubuhi kufuata shule za mbali, na hapa petu pana vyumba vitupu. Wote tulipiga makofi. Naibu akasimama.

"Vyumba vipi?" akauliza.

"Vya chini, Naibu. Vyoo vipya vitajengwa huko."

"Vya chini wasikae watoto wa kike."

"Kwa nini?"

Naibu akaangalia mezani. "Wao huitika," akasema, kisha akaketi.

Watu walidhani amezeeka. Mimi nilielewa baadaye, nami nitawaeleza hasa wale ambao, kama mimi, hawakulelewa katika nyumba za Kimvita. Mtoto wa kike wa pwani akiitwa hujibu "Abee!" papo hapo, hata kama mdomo umejaa chakula. Hafundishwi kwa maneno, analelewa nalo. Binti asiyeitika amewavunjia heshima wazazi wake mbele ya jirani. Wavulana huitika "Naam", lakini mvulana akichelewa husemwa tu kwamba ni mvulana.

Baada ya kikao kile nilimfuata Naibu nyuma ya maabara. Ndipo aliponisimulia kuhusu mwanafunzi mmoja wa zamani, wakati yeye bado mwalimu kijana. Adhuhuri, darasa la chini, kimya kimeshuka. Yule kijana akasema "Naam", akatoka. Walimkuta kwenye mikoko, maji yamemfika kiunoni, anatabasamu. Alisema aliitwa na nyanya yake.

"Akapona?" niliuliza.

"Alipatikana," alinijibu Naibu. "Lakini jina lake hakuliitika tena. Mamake alimwita mpaka akachoka. Mpaka leo yuwabeba mizigo Magongo, mtu mzima. Ukimwambia 'wewe' atageuka. Ukimwita kwa jina, huangalia ukutani, kama aitwaye ni mtu mwingine."

Siku moja nilipita Magongo nikamwona. Sikumwita.

Wasichana walikuja Januari na sketi zao za kijani. Lazima niseme ukweli kuhusu Naibu: alipinga mpaka kura ikapigwa, kisha hakupinga tena. Ndiye aliyesimama barabarani kila asubuhi akiyasimamisha malori kwa mkono mtupu wasichana wavuke. Ndiye aliyemvuta mvulana mmoja sikio kwa kupiga mluzi wa upuuzi. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amempa sharti moja, kwamba asiwape wasichana maneno yake ya kuitika na kutoitika, wazazi wasije wakaogopa. Naibu alilitii. Badala yake, kila adhuhuri, alikuja kukaa kwenye kibaraza cha madarasa ya chini, akijifanya anasoma gazeti.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, aliitwa juu kwenda kuzungumza na fundi wa mabomba.

Nilikuwa nachora moyo ubaoni. Nimemaliza mshipa mkubwa, nataka kuanza mshale wa damu, mngurumo ukakoma. Nilisikia chaki yangu ikikwaruza peke yake. Nyuma yangu sauti ndogo, ya adabu, ikasema, "Abee."

Nikageuka. Msichana mmoja aitwaye Riziki, mtoto mtulivu wa Jomvu, alikuwa amesimama.

"Nani amekuita?"

"Mama, Madam."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Alitoka kama mtu anayekwenda kupokea kikapu. Kabla sijafika mlangoni, dawati la mbele likasema, "Abee." Kisha la dirishani. "Abee, bibi." Kila mmoja akitazama upande wake, kila mmoja na uso uliolainika kama wa mtoto aliyeamshwa na mtu anayempenda. Nikajibana mlangoni, mikono huku na huku kwenye fremu, wao wakinijia polepole bila kunisukuma, kama maji yanavyokuja.

Ndipo nilipomwona Naibu akiteremka mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Kandambili moja ilibaki njiani. Nilifungua mdomo kumwita Riziki, Naibu akanipigia kelele, "Usimwite! Usimtaje jina!"

Alimpita yule mtoto, akaingia kwenye tope, akasimama mbele yake akimzibia njia. Maji yalikuwa yamemfika Riziki kwenye vifundo.

"Wewe mwenye sketi ya kijani," Naibu akasema, kwa sauti ya kawaida ya kila siku. "Maharagwe yatapoa."

Riziki akapepesa macho. "Mama yuko pale," akasema, akaonyesha.

Niliangalia. Kulikuwa na mikoko, na tope laini, linalong'aa, lisilo na alama ya unyayo wa mtu wala ndege. Upande wa Kipevu winchi ikaanza kulia, na nyuma yangu wasichana wote wakaanza kulia pia.

Kesho yake wazazi walijaa ukumbini. Nakumbuka baba mmoja, dereva wa trela, amesimama na funguo mkononi: "Mimi nimetoka bara kutafuta pesa. Hizi story za majini mimi sitaki. Kama hii shule ni ya wanaume, si mseme tu?" Wengine walitaka shehe, wengine mchungaji, wengine wote wawili. Mwalimu Mkuu, uso umempauka, akasema bodi imeshaamua: likitokea tena, wasichana wote watahamishwa, na shule irudi ilivyokuwa.

Riziki alikuwa kando ya mama yake. Nilimwona akikishika kiti kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Kwao walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba shule ya mbali hawataiweza. Kwake kuhamishwa kulikuwa na maana ya kukaa nyumbani.

Watu wote wakamgeukia Naibu. Alikuwa na haki ya kusema, "Niliwaambia." Nadhani wengi walimtarajia aseme hivyo, na shule ingekwisha palepale.

"Tuwafunze wasiitike mara ya kwanza," alisema. "Wavulana wameweza."

Mama Riziki akasimama, akaweka buibui lake sawa. "Naibu, nakuheshimu, wallahi. Lakini mimi binti yangu nikimwita akanyamaza, tutagombana. Nimlee miaka yote hii, leo shule imfunze ujeuri?"

"Si ujeuri, dadangu, ni tahadhari."

"Kwako tahadhari. Kwangu nyumbani ni ujeuri."

Watu wakacheka kidogo, na ndipo Riziki akasema, akiangalia sakafu, "Mwalimu, hata ukinifunza siwezi. Ni sauti ya mama. Mdomo waitika wenyewe."

Naibu akamtazama mtoto yule. Nimewafundisha watoto wengi na ninajua uso wa mtu anapoliacha jibu lake la zamani. Hauji kwa urahisi, hasa kwa mtu mzima, na nimemheshimu zaidi kwa uso ule kuliko kwa jambo jingine lolote alilofanya.

Akamsogelea Riziki. "Ulipoitwa, mwenzako wa dawati alisikia?"

"Hakusikia."

"Wewe ulisikia wenzako wakiitwa?"

"La, Mwalimu."

"Kila mtu na lake," akasema, kama anayesoma matokeo ya jaribio. Akawageukia wasichana wengine waliokuwa wamesimama ukutani. "Basi sikilizeni. Sitawakataza kuitika, mama zenu wamewalea vizuri. Lakini akianza mmoja, itikeni nyote. Kwa sauti moja."

"Kwa nini?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Kwa sababu aitaye ataka mmoja."

Hakuna aliyecheka. Yule dereva wa trela aliketi, akaziweka funguo mfukoni.

Kimya cha adhuhuri hakikuja siku ya pili, wala wiki ile. Ukingoja kitu kama hicho, kila saa sita ni ndefu. Kilipokuja nilikuwa ndani pamoja nao, na Naibu alikuwa kibarazani, gazeti limefunikwa gotini. Mngurumo ukakatika. Nikaona kope za wasichana zikitulia. Msichana mmoja wa katikati akainua kidevu, midomo ikaanza, "A..." na darasa zima likapaa:

"Abee!"

Madirisha yalitetemeka. Mimi mwenyewe, mtoto wa watu wa bara, nilikuta nimeitika. Halafu huko nje, kwenye mikoko, nilisikia kitu kama pumzi ndefu ikivutwa ndani, ikavutwa, haitolewi. Majani ya mikoko yakaelekea upande mmoja, wala hapakuwa na upepo. Hakuna aliyesimama. Yule msichana wa katikati alikuwa ameshikwa mikono na majirani zake wote wawili, nao macho yao yako ubaoni, kwenye ule moyo wangu ambao hakuna aliyethubutu kuufuta.

Mashine zikaanza tena. Mmoja akacheka, wote wakacheka, na kutoka kibarazani tukasikia sauti ya Naibu:

"Si vibaya."

Mnaweza kunieleza kwamba ni joto, na njaa ya kabla ya chakula, na watoto huambukizana hofu kama wanavyoambukizana miayo. Mimi mwenyewe huwafundisha hivyo wanafunzi wangu, na ni kweli tupu. Hata hivyo mpaka leo, mgeni akiwa ofisini adhuhuri, husikia wasichana wa madarasa ya chini wakisema "Abee!" kwa pamoja na hakuna aliyewaita. Mwalimu Mkuu huwaambia wageni ni zoezi la nidhamu. Wavulana walikuwa wakiwaiga kwa kejeli kutoka madirisha ya juu, "Abee! Abee!", mpaka adhuhuri moja mwenzao mmoja alipoinuka taratibu na kushika mlango kabla ya kengele. Walimrukia wote, wakapiga "Naam" iliyosikika mpaka barabarani. Kejeli ikaisha.

Hakuna msichana aliyehamishwa. Wakafika kidato cha pili, cha tatu, wadogo zao wakaja nyuma yao. Naibu akastaafu katikati, kwa sherehe ndogo ya soda na biriani, akakataa kutoa hotuba.

Mara ya mwisho nilipomwona ni Riziki aliyenipeleka. Yeye na wenzake walikuwa wamemaliza mtihani wa kidato cha nne, na walisikia kifua kimemlaza Naibu. Tulikwenda Jomvu Kuu kwa miguu, mimi na Riziki na wenzake watatu, tumebeba machungwa na pakiti ya maziwa. Mkewe alitukaribisha, akatuketisha kwenye mkeka chumbani alimolala Naibu, akarudi jikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alikuwa amekonda sana, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kukagua mashati. "Karatasi ya pili ya Fizikia iliuliza nini?"

Wakamwambia, wakibishana. Akawasahihisha swali la lenzi akiwa amelala chali. Riziki akamwambia kwamba anataka kusomea umeme, afanye kazi kwenye ile mitambo ya ng'ambo. Naibu akamtazama.

"Na wadogo zenu pale chini?"

"Wamejaa, Mwalimu. Mwaka huu hata viti havitoshi."

"Vizuri," akasema. Si "si vibaya." Alisema vizuri, nasi tukatazamana.

Jua lilikuwa limefika katikati. Ng'ambo ya mkondo mngurumo ukakoma. Jikoni kijiko kiliacha kugonga sufuria. Naibu akageuza kichwa kuelekea mlangoni, na uso wake wote mkavu ukalainika. Sisi hatukusikia kitu. Midomo yake ikaachana.

"Abee!" wasichana wakapaza, wote, bila hata kuangaliana.

Naibu akacheka, kicheko cha pumzi chache. Akainua mkono kutoka kwenye shuka. "La, wanangu. Nyinyi mna kazi. Hii niachieni."

"Usiitike, Mwalimu," Riziki akasema. Alikuwa amepiga magoti, amemshika mkono. "Ngoja aite tena. Si wewe ulisema?"

"Ameita tena. Yuwaita tangu asubuhi, nami namngoja." Akampapasa Riziki vidole, kama anavyotulizwa mtoto kabla ya mtihani. "Huyu namjua."

Riziki alinitazama mimi, nikiwa mwalimu wake, kana kwamba nina la kusema. Akamtazama tena Naibu, kisha taratibu akamwachia mkono.

Naibu akasafisha koo, akaiweka sauti yake sawasawa kama mtu anayeingia darasani.

"Naam," akasema.